Shanti ikiziba kichwani, leza inaweza kuizibua bila kuing'oa?

Mzazi mwenye mtoto aliyewekewa shanti, ule mpira wa kutoa maji yaliyozidi kichwani, hahitaji kuelezwa hofu ni nini. Mtoto akitapika asubuhi mbili mfululizo majirani watasema malaria, bibi atasema kala kitu kibaya, ila mama mtu anawaza kitu kimoja tu, mpira umeziba. Na hofu yake ina msingi kabisa. Kuna utafiti mkubwa ulichapishwa mwaka 1998, ulifuatilia watoto 344 kwenye hospitali za Amerika Kaskazini na Ulaya, walitaka kujua kama vali za kisasa, yani vidude vinavyoamua maji yapite kiasi gani, zinadumu kuliko zile za zamani, majibu yakaja kwamba hazizidiani, karibu watoto 4 kati ya 10 shanti zao zilifeli ndani ya mwaka wa kwanza na ilipofika miaka miwili zilizofeli zilikuwa zimevuka nusu. Sababu kubwa ilikuwa kuziba.

Kwahiyo ukisikia kuna watu wamefikiria kupitisha leza humohumo ndani ya mrija na kuuzibua bila kuutoa kichwani, lazima usimame usikilize. Mimi naliona ni wazo zuri sana. Ila lina mafundo yake, na ukisoma juujuu unaweza kudhani ni swala la kununua mashine tu, kumbe fundo lenyewe liko mahali pengine kabisa.

Tuanze na maji. Ubongo unatengeneza maji yake wenyewe, kwa mtu mzima ni kama nusu lita kwa siku, wakati yanayokuwemo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu, yani yanabadilishwa mara tatu au zaidi kila siku ya Mungu. Mengi yanatoka kwenye vishada vya mishipa midogo midogo ya damu vilivyoko ndani ya vyumba vya ubongo, vinaitwa koroidi pleksasi, hapa nitasema vishada tu. Hilo jina livumilie manake vishada hivi ndo mhusika mkuu wa habari yote. Maji yakishatengenezwa yanapita chumba hadi chumba, yanapenya njia nyembamba sana katikati ya ubongo, yanatoka nje kuuzunguka ubongo na uti wa mgongo alafu yanarudi kwenye damu. Njia ikiziba kwa kuzaliwa hivo, au kwa makovu ya maambukizi, au damu, au uvimbe, maji yanaendelea kutengenezwa kama kawaida ila hayana pa kwenda, vyumba vinatanuka, na kwa mtoto mchanga ambaye mifupa ya kichwa bado haijaungana kichwa chenyewe kinakua. Huo ndo ugonjwa wa kichwa maji.

Shanti inayapa njia nyingine. Ina sehemu tatu, mrija wa juu unaoingia kwenye chumba cha ubongo, vali ambayo mara nyingi unaipapasa nyuma ya sikio chini ya ngozi, na mrija mrefu unaoteremka shingoni na kifuani chini kwa chini mpaka tumboni ambako maji yananyonywa na mwili. Vali ya silikoni iliyofungua njia ilitengenezwa Marekani mwaka 1956 na fundi mmoja wa kiwandani, John Holter, mtoto wake Casey alikuwa amezaliwa na mgongo wazi na kichwa maji, akashirikiana na daktari Eugene Spitz wa Philadelphia. Tangu hapo ni karibu miaka 70 na muundo wa msingi ni uleule, mrija, vali, mrija.

Sasa angalia ule mrija wa juu kwa karibu. Ni silikoni laini, unene wake kwa nje ni kama milimita 2.5 na uwazi wa ndani ni milimita moja na kidogo. Ncha yake imefungwa, maji yanaingilia ubavuni kupitia vitundu vidogo vilivyopangwa kwa mistari kwenye sentimita moja au moja na nusu ya mwisho. Na hivyo vitundu havifanyi kazi sawa, vilivyo mbali na ncha, yani vya kwanza ukitokea upande wa vali, ndo vinaingiza sehemu kubwa ya maji na vile vya nchani vinabaki karibu havina kazi. Ukionyeshwa mrija uliotolewa kwa mtoto kwa sababu ya kuziba, ukauinua kwenye mwanga, unaona vitundu vingine viko wazi kabisa, alafu kimoja kina uzi wa nyama wa rangi ya pinki umeingia ubavuni ukatambaa ndani na kutokea kwenye kitundu cha jirani. Huo uzi mara nyingi ni kile kishada. Maji yanapovutwa kuingia kitunduni kishada nacho kinavutwa pamoja nayo, kinaingia kidogo, kinakaa, kinakua, kinajishikiza, sawasawa na mizizi ya mti inavyotafuta mpasuko kwenye bomba la maji chini ya ardhi. Sio kishada peke yake, kuna seli za kinga za ubongo ambazo zikiona kitu kigeni zinakitambalia na kukifunika, kuna damu iliyoganda, kuna mabaki ya protini hasa kwa mtoto aliyewahi kupata maambukizi. Lakini kishada ndo chenye madhara zaidi, manake ni kitu hai na kina damu inayopita ndani yake muda huohuo.

Na hapo ndo penye hatari ambayo watu wengi hawaelezwi. Shanti ikiziba juu, kazi ya kawaida ni kurudi theatre, daktari anafungua kovu lilelile, anatenganisha mrija na vali, anaona maji hayatoki, kwahiyo anauvuta autoe aweke mpya. Kama uzi wa nyama umeingia kwenye vitundu ukashikilia, kuuvuta mrija ni kukivuta na kishada, kinachanika, na kinamwaga damu moja kwa moja ndani ya chumba cha ubongo. Damu hiyo yenyewe inaweza kuziba mrija mpya uliowekwa dakika chache zilizopita. Ndo maana madaktari wazoefu hawavuti kwa nguvu, wengi wanapitisha waya wa chuma ndani ya mrija mpaka kwenye ncha, wanaugusisha umeme wa upasuaji kidogo ili nyama iungue na kukauka, kisha wanauzungusha na kuuvuta taratibu, na kuna wakati mrija unagoma kabisa wanauacha humohumo wanaweka mwingine pembeni. Wapo watu wazima wanaotembea na mirija miwili au mitatu iliyokufa ndani ya kichwa kwa sababu hii.

Wazo la leza linatokea hapo. Kama moto kidogo ndani ya mrija unatumika tayari ili kuutoa, kwanini tusitumie moto ulio makini zaidi ili tusiutoe kabisa? Mwaka 1999 watafiti wa Johns Hopkins kule Marekani, Ben Carson akiwa mmoja wao, huyohuyo aliyejulikana duniani kwa kutenganisha mapacha walioungana vichwa, walichapisha ripoti ya kiufundi kuhusu kupeleka nguvu ya leza kwa uzi wa kioo ndani ya shanti ili kuondoa kilichoziba. Uzi wenyewe ni faiba, wa familia moja na hii inayoleta intaneti mitaani, wenye unene wa milimita 0.2 hadi 0.4 hivi, kwahiyo ndani ya mrija wenye uwazi wa milimita moja unapita na nafasi inabaki. Kuna hadi kamera nyembamba za milimita moja zinazoweza kuingia humo zikaonyesha kilichopo. Na leza kwenye mwili wa binadamu sio kitu cha kubahatisha, mawe ya figo yanavunjwa hivo kila siku, pamoja na hospitali kubwa za huku kwetu Afrika Mashariki.

Swala ni leza ya aina gani, na hili wengi wanalipita haraka wakati ndo kila kitu. Leza zinatofautiana urefu wa wimbi, na urefu wa wimbi ndo unaoamua mwanga utakufa wapi. Ukichukua ile ya mikromita 1.06, maji masafi haiyajali karibu kabisa, inapita tu, ikifika kwenye nyama inazama milimita kadhaa ndani. Sasa maji ya ubongo karibu yote ni maji tu. Maana yake mwanga ukitoka kwenye kitundu unaweza kuvuka chumba na kwenda kuunguza ukuta wa ubongo ulioko mbele, na kule kuna njia za fahamu na mishipa ambayo haikuwa na kosa lolote. Ukichukua ya holmiamu, mikromita 2.1, ndo hii ya mawe ya figo, yenyewe inanyonywa na maji haraka sana, inakufa ndani ya nusu milimita hata haifiki. Hiyo ni faida kubwa kwa usalama. Ila ina namna yake ya kufanya kazi, kila mpigo unachemsha maji yaliyo mbele ya ncha kwa kipande kidogo cha elfu moja ya sekunde, mvuke unatanuka kama povu alafu unasinyaa ghafla, na huo mshtuko ndo unachana na kusukuma vitu. Kwenye kibofu au figo kuna nafasi na maji ya kusuuza yanapita muda wote. Ndani ya mrija wa milimita moja ulioziba povu likitanuka linasukuma wapi? Linasukuma nje kupitia vitundu, kuelekea kwenye ubongo. Kwahiyo nguvu lazima iwe ndogo, mipigo iachiane, na joto lipewe muda wa kupoa, ubongo ukikaa juu ya nyuzi 43 au 45 kwa muda unaanza kuumia na kwenye nyuzi 60 protini zinaiva.

Kuna ujanja mmoja nauheshimu sana, wa madaktari wa Utrecht, Uholanzi, waliouchapisha mwaka 1998. Wao hawakuwa wanazibua shanti, walikuwa wanatumia leza kutoboa tando ndani ya vyumba vya ubongo, lakini walikutana na tatizo lilelile la mwanga kwenda mbali. Wakachukua ncha ya faiba wakaipaka unga wa kaboni, ikawa nyeusi. Mwanga ukifika pale mwingi wake unanyonywa na weusi, ncha inapata moto sana na kinachobaki kupita mbele ni kidogo, kwahiyo ncha inaunguza inachokigusa na kingine inakiacha. Kwa kazi ya ndani ya mrija hilo ni somo kubwa, kwamba sio lazima mwanga ufike kwenye nyama, unaweza kubebeshwa mpaka mahali halafu ukageuzwa joto palepale.

Lakini hata ukipata leza sahihi na ncha sahihi, kizuizi hakiko kwenye uwazi wa mrija peke yake. Faiba inakwenda mbele, inaangalia mbele, wakati nyama imeingilia ubavuni. Ukisafisha katikati ya mrija ukaacha mizizi yake kwenye vitundu, maji yatapita leo, daktari atafurahi, na baada ya wiki kadhaa nyama imerudi manake chanzo chake kiko nje ya mrija na bado kiko hai. Ili kazi iwe kazi, mwanga unabidi upinde ubavuni, kuna faiba ambazo ncha zake zinasagwa kwa pembe ili mwanga utokee pembeni, na ulengwe kitundu kwa kitundu, hasa vile vya upande wa vali vinavyobeba maji mengi. Na hapo tena unakutana na ukuta wa silikoni ambao una unene wa kama nusu milimita tu, silikoni inavumilia joto ila haivumilii kila kitu, ukiichoma ikatoboka au ikamenyeka umeacha vipande ndani ya ubongo na umeharibu mrija uliotaka kuuokoa.

Alafu kuna watoto ambao vyumba vyao vimesinyaa sana kwa sababu shanti ilikuwa inamwaga maji kupita kiasi kwa miaka. Kwao mrija haujaelea kwenye maji, umebanwa na kuta za chumba pande zote. Hawa ndo wanaoziba mara kwa mara, yani ndo wangefaidika zaidi na kuzibuliwa bila kung'olewa, na ni haohao ambao nje ya kila kitundu hakuna maji ya kuukinga ubongo dhidi ya leza. Mimi naona hili ndo fundo lenyewe la jambo zima. Mgonjwa anayeihitaji zaidi ndiye ambaye kwake ina hatari zaidi, na hesabu za joto zilizofanywa kwenye maabara na mrija uliozamishwa kwenye chombo cha maji haziwezi kumjibia huyo.

Bado kuna kujua kama kilichoziba ni huko juu kweli. Shanti inaweza kuziba kwenye vali, inaweza kuziba tumboni, mrija unaweza kukatika shingoni mtoto anapokua na kurefuka. Leza haina la kufanya hapo. Daktari anajua kwa picha na kwa kuchoma sindano nyembamba kwenye kifuko cha shanti kilichopo chini ya ngozi, maji yakitoka vizuri kwa kasi basi juu kuko wazi, yasipotoka au yakidondoka tone moja moja basi shida iko juu. Kifuko hichohicho ndo kingekuwa mlango mzuri wa faiba, kama kimewekwa juu ya tundu la fuvu moja kwa moja, ila shanti nyingi mrija ukitoka kwenye fuvu unakunja kona ya nyuzi 90 na faiba ya kioo haipendi kona kali. Kwahiyo hata namna shanti inavyowekwa siku ya kwanza inaamua kama itaweza kuzibuliwa siku za mbele.

Leza haiko peke yake kwenye mbio hizi. Watafiti wa Toronto mwaka 2006 walichapisha kazi ya kuzibua mirija kwa mawimbi ya sauti, waya mwembamba unatetemeshwa kwa kasi kubwa mpaka maji ya karibu yake yanatengeneza viputo vinavyovunja nyama bila kuhitaji moto mkubwa. Kule Purdue, Marekani, Hyowon Lee na wenzake wametengeneza vifaa vidogo mno vinavyokaa kwenye vitundu na kutikiswa kwa sumaku kutoka nje ya kichwa, yani mtu hafunguliwi kabisa. Na kuna kifaa cha ReFlow cha kampuni ya Anuncia, unabonyeza kifuko chini ya ngozi na maji ya mgonjwa mwenyewe yanarudishwa kwa nguvu kuelekea mrija wa juu kuusuuza, na kama vitundu vyote vimeziba kuna tando ya akiba inayofunguka. Kwa maoni yangu njia za kusuuza mapema kabla nyama haijaota mizizi zina nafasi kubwa kuliko za kuja kupigana nayo ikishakomaa, lakini mtu ambaye shanti yake ilishawekwa miaka kumi iliyopita hana hicho kifaa, na kwa huyo leza au mawimbi bado ni tumaini la kweli.

Huku kwetu kuna njia nyingine ambayo imebadilisha mambo duniani na imetokea Uganda. Hospitali ya watoto ya CURE pale Mbale, daktari Benjamin Warf alipoanza kazi pale miaka ya 2000 aliona kwamba kumwekea mtoto shanti alafu anarudi kijijini mbali na hospitali ni kumwachia bomu, siku ikiziba nauli hakuna na daktari hakuna. Akaunganisha mambo mawili, kutoboa tundu dogo kwenye sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia ya ndani kwa ndani, na kuviunguza vile vishada vinavyotengeneza maji. Ndio, vishada vilevile vinavyoziba shanti. Mwaka 2017 matokeo ya utafiti wa Mbale kwa watoto wachanga 100 yalichapishwa, nusu walifanyiwa hiyo na nusu shanti, na baada ya mwaka maendeleo ya akili ya makundi yote mawili hayakuachana kwa kiasi cha kuhesabika. Sio kila mtoto anafaa, wengine tundu linafunga na shanti inahitajika, ila wanaopona kwa njia hii hawana mrija wa kuziba.

Na ukiongelea gharama usiangalie shanti yenyewe. Warf huyohuyo alilinganisha shanti ya Chhabra ya India ya kama dola 35 na nyingine ya Codman ya kama dola 650, baada ya mwaka mmoja matokeo hayakutofautiana. Kinachomaliza familia ni oparesheni ya kurudia, kitanda, nauli, mama kuacha biashara wiki tatu, na hatari ya maambukizi ambayo ipo kila kichwa kinapofunguliwa. Leza ikiweza kugeuza saa kadhaa za theatre kuwa sindano na nusu saa, hapo mashine ya holmiamu ambayo hospitali tayari inayo upande wa figo inaweza kulipa. Lakini ukisoma habari yoyote mpya ya leza na shanti usiishie kwenye sentensi inayosema mrija ulizibuka. Tafuta ulikaa wazi muda gani baada ya hapo, kwa wagonjwa na sio kwenye chombo cha maabara, na wangapi walirudi ndani ya mwaka ukilinganisha na waliobadilishiwa mrija kwa njia ya kawaida.

Kwa sasa mtoto akianza kutapika bila kuharisha, kichwa kinauma zaidi asubuhi, analala kupita kawaida, macho yanaangalia chini hayapandi, utosi wa mtoto mchanga umevimba na kukaza, au mkubwa ameanza kufeli shule ghafla na kutembea vibaya, nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji wa ubongo siku hiyohiyo, na homa juu yake ni sababu ya kuwahi zaidi sio ya kusubiri dawa ya malaria imalizike. Usibonyezebonyeze vali mwenyewe kuipima, majibu yake yanadanganya. Nenda na karatasi inayosema ni shanti gani, iliwekwa lini, vali yake imewekwa presha gani, na nenda na picha ya siti skani iliyopigwa kipindi mtoto yuko mzima. Hiyo picha ya siku nzuri idai kabla hujaruhusiwa kutoka, ipige picha na simu, itunze, manake kuna watoto ambao vyumba vyao havitanuki hata shanti ikiziba kabisa au vinatanuka milimita chache tu, na daktari wa zamu asiyemjua mtoto wako atasoma picha ya leo aone kila kitu kiko sawa kama hana ya zamani ya kuiweka pembeni.